Kundi la Saa Nane

Watoto wa mtaa wetu wamegawanywa: nusu husoma asubuhi, nusu nyingine saa nane jua likiwaka, na watafiti hupima nani anafaulu. Kuwafundisha nyumbani ni marufuku.

Mjukuu wangu Tunu ni wa saa nane. Mimi niliyejifunza kusoma ukubwani, kwenye ngumbaru, sikuvumilia. Nikamfundisha hesabu, akaongoza kundi lake.

Mtafiti akaja. "Mzee, unatuharibia matokeo. Akipata tena alama hizo, tutamhamishia bweni letu. Hamtaonana."

Jioni tulifungua daftari.

"Tunu, saba mara nane?"

"Hamsini na sita, babu."

"Hapana. Fikiri tena."

Alinitazama sana. "Arobaini na tisa?"

"Hapo sawa, bibie," nikasema, nikamtilia alama ya vema.