Usaili wa Saa Nne

Mama alikuwa akichuchumaa kwa mara ya saba, ameshikilia ukingo wa meza, binti yake alipoingia bila hodi.

"Shikamoo mama. Ni kweli haya ninayoyasikia?"

"Marahaba. Saba." Akajiinua taratibu, jasho linamtiririka. "Umesikia nini?"

"Fundi cherehani kaniambia amekupunguzia suruali ya mazoezi. Eti una usaili leo saa nne. Usaili wa mwalimu wa mazoezi!"

"Huyo fundi anashona kila kitu isipokuwa mdomo wake. Lakini hajasema uongo."

Binti akajitupa kwenye kochi. Miezi mitano nyuma mama alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, mguu ukabaki mzito. Watoto wakafanya kikao bila yeye, wakapitisha: mwisho wa mwezi mama anahamia kwa binti, chumba cha nyuma, karibu na choo. Nyumba hii aliyoijenga na marehemu mumewe, yeye akisomba maji na mume akipanga matofali, itafungwa kufuli. Walipomletea habari hiyo, mama alijibu neno moja: "Sihami."

"Mama, una miaka sabini na moja. Unatembelea mkongojo. Watu watakucheka."

"Wacheke. Meno ni yao."

"Lakini aibu yote hii ya nini?"

"Aibu ni kuogeshwa nyumbani kwa mkwe, na mikono yangu miwili ninayo." Akamsukumia daftari. "Maadamu umekuja, fanya kazi. Niulize."

Zilikuwa kurasa nne za maswali, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba: herufi kubwakubwa, zimenyooka kama zimepigiwa rula. Binti akasoma shingo upande.

"Goti likianza kuuma katikati ya zoezi?"

"Unasimamisha. Unauliza linauma wapi. Humwambii mtu ajikaze."

"Aliyevunjika nyonga anaanzia wapi?"

"Kwenye kiti. Kukaa, kusimama, kukaa, kusimama, mpaka mguu uikumbuke kazi yake."

"Mzee akigoma?"

Hapo mama akafikiri kidogo. "Humbembelezi, wala humfokei. Unampa sababu."

Binti akafunga daftari. "Umeyatoa wapi yote haya?"

"Kwa muuguzi wa mifupa. Wenzangu wakisinzia kwenye benchi la kliniki, mimi naandika. Ukiingia kwenye usaili hujui kitu, utapigwa changa la macho."

"Na ukitoka mikono mitupu?"

"Watu hawajaisha mjini. Nitatafuta kwingine."

Binti akamrudishia daftari. Alikuja kumzuia, sasa alijiona anamwonea huruma. Akafungua mkoba, akatoa funguo. "Basi angalau nikupeleke na gari. Jua kali, na mguu huo."

"Kaa utulie. Bado dakika kumi."

Mama akaingia chumbani, akasali kwa sauti ya chini, kama alivyosali asubuhi zote za ujane wake. Alipotoka alikuwa na suruali yake mpya, raba nyeupe zisizo na hata chembe ya vumbi, na kilemba kilichofungwa barabara. Binti alitaka kucheka, akajizuia.

"Mama, tukubaliane. Leo mambo yakienda kombo, utahama bila ugomvi?"

"Leo yakienda kombo, kesho naanza upya. Kabla mwezi haujaisha utaniona nashuka ngazi za pale mbele bila kushika kitu, na kikao chenu mtakivunja wenyewe. Mungu hajanichoka, ninyi ni nani mnichoke!"

Mlango ukagongwa. Mama akampa binti ishara ya kichwa: fungua.

Barazani walisimama vijana wanne wenye vifua vipana na msichana mmoja mwenye mabega ya mbeba mizigo. Kila mmoja alikumbatia bahasha ya vyeti. Mmoja alikuwa akijifuta jasho la woga.

"Shikamoo mama," wakasema kwa pamoja. "Tumekuja kwa lile tangazo lako la kazi."

"Marahaba. Kaeni hapo nje, nitawaita mmoja mmoja. Na huyu ni binti yangu. Msimwogope, hana kura."