Nungunungu na Bonde la Mihogo

Nungunungu na Fisi waliapiana kwamba atakayevamiwa, mwenzake atamsaidia. Siku Fisi alipowavamia Nyani, alimwita Nungunungu aje upesi.

"Tuliapa kumsaidia atakayevamiwa," Nungunungu alijibu kwa upole. "Wewe ndiye uliyevamia, ndugu yangu. Mimi simo."

Akakaa shimoni mwake akila viazi, huku wenzake wakiumizana. Kisha Nyani wakamnong'oneza, "Tusaidie, na bonde lote la mihogo litakuwa lako."

Siku hiyohiyo akamgeuka Fisi, akapigana upande wa Nyani. Walishinda, lakini Nungunungu alibaki na miiba saba tu mgongoni.

Alipodai bonde, kiongozi wa Nyani alimwonyesha kipande cha mteremko wenye mawe.

"Tuliahidiana bonde zima," alilalamika.

"Na Fisi je, hamkuahidiana?" aliuliza kiongozi, akimenya muhogo.

Nungunungu akapanda mteremko peke yake, akitafuta pa kuchimba.