Sauti ya Nailantei

Laurencia alisukuma meza ya chuma mpaka ikabana mlango wa studio. Nje, mkurugenzi Modest aligonga mara mbili, akaita jina lake, kisha akaacha. Laurencia alitegemea kelele zaidi ya hizo.

"Mwache achoke," alisema Simel, fundi mitambo. "Kaa kwenye maiki, dada. Leo wataisoma namba."

Tangu kiangazi kianze, habari ya bomba la maji la kijiji cha Malambo ilikuwa ikipigwa danadana pale redioni Karatu. Mara ihaririwe upya, mara imsubiri mwanasheria, mara mheshimiwa mbunge yuko safarini hawezi kujibu. Laurencia alishachoka kuambiwa "wiki ijayo." Kwao Qurus ni wakulima, na alikijua vizuri kitu kinachowekwa stoo makusudi ili kioze.

Na habari yenyewe haikuwa na utata wowote, ndiyo maana ilimchoma. Siku ya uzinduzi bomba lilitoa maji, mheshimiwa akanawa uso mbele ya kamera, kina mama wakapiga vigelegele. Jioni yake lori la maji lililofichwa nyuma ya kanisa likachomoa mpira wake kwenye bomba, likaondoka, na bomba halijatoa hata tone tangu hapo. Pampu ilikuwepo kwenye makaratasi tu, ya mkandarasi Patrisi, shemeji yake mheshimiwa. Waandishi walioalikwa walikanyaga tope la lori lile kwa viatu vyao, wakala pilau, wakaenda kuandika kwamba kero ya maji imebaki historia. Watu wazima na akili zao!

Aliyekubali kusema kwa jina lake alikuwa mmoja tu, Nailantei, mama wa makamo anayefuata maji na punda tangu alfajiri. Mumewe alimkataza. Wazee walimwambia anawatafutia wenzake matatizo. Alisema hivyo hivyo, yote, kisha akamshika Laurencia mkono kabla hajapanda pikipiki.

"Mwanangu, wengi wamekuja hapa na hivyo vinasa sauti. Wanachukua maneno yetu, wanakwenda kuyauza kwa huyo huyo mheshimiwa. Mimi nitaamini siku nikijisikia redioni."

"Utajisikia, yeyo," Laurencia alisema, akimwita mama kwa Kimaasai. "Nakuapia."

Asubuhi hii Laurencia alimpigia kumwambia ni leo, saa saba mchana. Nailantei akasema atawaita wote dukani, hata wale wazee.

Mpango wa kujifungia ulikuwa wa Simel. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumwangusha, na leo alikuwa amefikiria kila kitu. Alichomoa simu ya studio, wakubwa wasije wakamtisha katikati ya kipindi. Simu ya Laurencia akaizima, akaiweka mfukoni mwake. Hata ile redio ndogo wanayosikilizia matangazo yao wenyewe akaizima, ili sauti isijirudie kwenye maiki. Mtu wa namna hii humpati kila mahali, Laurencia aliwaza, na nusura machozi yamtoke.

"Upo hewani," Simel alisema, akainua dole gumba.

Hasira ya msimu mzima ikapata pa kutokea. Laurencia hakumung'unya maneno. Alimtaja mheshimiwa, akamtaja Patrisi, akaeleza lori lilipoegeshwa na nani aliliona. Aliwataja na waandishi wenzake, pamoja na pilau yao. Alisema anajua atafukuzwa kazi, na kwamba afadhali afukuzwe kuliko kuendelea kusoma matangazo ya harusi wakati watu wanakunywa maji ya dimbwi na ng'ombe.

Kisha akaweka sauti ya Nailantei. Aliicheza yote bila kukata popote, kuanzia jina lake mpaka pale alipokohoa akaomba radhi. Muda wote huo Simel alitazama sakafu. Yule ni mama wa kwao, Laurencia alijiambia, lazima imemgusa.

Alivua spika za masikioni. "Sasa waje na pingu zao," alisema, akavuta meza pembeni.

Hapakuwa na pingu wala askari. Modest alikuwa ofisini kwake, mlango wazi, anakunywa chai.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Nenda kapumzike."

Laurencia alibaki amesimama pale kizingitini kama mtu aliyekuja kudai ugomvi wake. Alitaka afokewe. Alitaka barua ya kufukuzwa, hata kibao, chochote cha kuonyesha kwamba wameumia. Modest akageuza kurasa za gazeti lake.

Nje Simel alimrudishia simu bila kumtazama, akasema ana mgonjwa nyumbani, akaondoka haraka. Laurencia akaiwasha, akaishika kwa mikono miwili. Kipindi chake cha kawaida tu, cha salamu, kilikuwa kikijaza simu hii meseji mpaka inagoma. Leo haikuingia hata moja, kisha ikaita. Alikuwa Nailantei.

"Yeyo!" Laurencia alipiga kelele pale pale barabarani, watu wakageuka. "Umejisikia?"

Upande wa pili palikuwa na upepo, na sauti za wanaume wakicheka kwa mbali.

"Tumekaa hapa dukani mpaka basi," Nailantei alisema taratibu. "Redioni ni kwaya tu, mwanzo mpaka mwisho. Wazee wamenicheka, wanaondoka zao. Niambie ukweli, mwanangu. Na wewe wamekununua kwa shilingi ngapi?"