Ndege ya Tatu

Tusekile alikuwa akimmiminia mumewe chai, kama kila asubuhi, muungurumo ulipomkatiza. Muuzaji alikuwa ametua nyuma ya nyumba na ndege ya tatu ya majaribio.

Ilikuwa nzuri, jamani! Injini moja tu, mabawa yamekaa juu ili macho yashibe mashamba, magurudumu manene ya kutua hata kwenye matuta. Tusekile aliipapasa kama ndama.

Siku hizi ndege ndogo husikiliza moyo wa rubani, wala hairuki na mtu asiyetaka kurudi nyumbani.

Ambokile, mumewe, alipanda. Injini ikazimika, kama zile mbili za kwanza.

“Kaka, huna ya zamani kidogo, yenye masikio mazito?” Ambokile alimtania muuzaji. Muuzaji akajifanya anafuta kioo.

Tusekile akapanda yeye, kujaribu tu. Pangaboi likazunguka, laini kama cherehani mpya. Alitabasamu bila kutaka, kisha akaizima.

“Baba Sekela, ndege ni nzima.”

“Najua ni nzima, Tuse.” Ambokile alitazama chini. “Nilitaka kwenda nisirudi.”