Kifurushi Kipya cha Mzee Karekezi

Manirakiza aliganda tena kwenye simu, mdomo wazi, jicho moja limefumba, kama mtu aliyekatishwa chafya.

"Mama, kuna jambo nataka..." Hayo ndiyo maneno ya mwisho yaliyofika Kiruruma kutoka Mwanza. Jumapili iliyopita yalikatikia papo hapo, na ile ya nyuma yake pia. Anonciata aliitikisa simu, akaipuliza, akaisogeza karibu na kisanduku cha intaneti kilichokaa juu ya kabati kama mgeni wa heshima. Mwanawe aliendelea kuganda.

Jambo gani? Usingizi ulimpaa. Huenda kijana anapelekwa kufanya kazi nje ya nchi. Huenda anaumwa. Mumewe, Mzee Karekezi, alisema jambo ambalo kila siku linaanza na haliishi ni la kuomba ng'ombe auzwe, na kwa hilo intaneti ya polepole inatosha kabisa.

Hapo ubishi ukaanza. Anonciata alitaka kifurushi chenye kasi zaidi. Mzee alipiga hesabu, akaona tofauti yake ni mkungu mzuri wa ndizi kila mwezi, na yeye hajawahi kuona mtu akila kasi. Anonciata akamjibu kwamba na yeye hajawahi kuona mkungu ukimpigia mama yake simu. Walinuniana mpaka jioni, wakapatana kwa sababu maharage yalikuwa matamu. Manirakiza aliposikia, alituma ujumbe: wasigombane, atamtuma mtu wa kampuni kutoka Kayanga aje awaeleze.

Mtu wa kampuni alishuka kwenye bodaboda Jumamosi asubuhi, fulana ya kazi imepigwa pasi mpaka inang'aa. Alikuwa msichana. Alijitaja kuwa Umutesi, kwao Mabira. Alipiga magoti, akatoa shikamoo mbili, kisha akamkabidhi Anonciata sukari na mkate vilivyofungwa kwenye kitenge.

Anonciata alimnong'oneza mumewe kwamba kampuni za siku hizi zina adabu. Mzee akajibu kwa sauti ya juu kwamba hiyo sukari nayo imo ndani ya bei.

Umutesi alicheka hadi akaziba uso. Alikuwa mtu wa kucheka. Alichekea kuku aliyeingia sebuleni, akachekea koti la mzee, mpaka chai ikamwagikia kwenye kisahani. Lakini kazi yake aliijua. Kwa redio na ujumbe tu, alieleza, waliyo nayo inatosha, wala wasipoteze mkungu wao. Kwa kuongea na mtoto huku wanamwona, hapo haifai.

"Hasa akianza kucheka," alisema. "Anavyotupa kichwa nyuma vile, ndipo picha inapokwama."

"Hapo hapo!" Anonciata alipiga paja. Kweli kusoma ni kitu kizuri.

Mzee naye alilainika, maana hajawahi kukutana na mwuzaji anayemwambia mtu asinunue. Umutesi akaomba kuonyeshwa mtandao wao kwenye simu, na Anonciata akaugusa kwa kidole bila kuutaja. Mzee alikuwa ameupa jina la marehemu baba yake, Bigirimana, na Anonciata, kama alivyofundwa kwao, hakuwahi kulitia jina la baba mkwe mdomoni tangu alipoolewa. Kila aliyekuja kuomba intaneti aliishia kuonyeshwa jina hilo kwa kidole, na mabinti wa jirani walimwambia dunia imebadilika, huku wakicheka.

Umutesi, aliyecheka kila kitu asubuhi ile, hilo hakulicheka.

"Haya, badilisheni," Mzee Karekezi alisema hatimaye. Kisha akaona wingu jeusi limetanda juu ya migomba, akakumbuka kahawa yake iliyoanikwa, akatoka mbio.

Umutesi alipiga simu makao ya kampuni, sauti ikasikika chumba kizima. Mwanamume wa huko aliuliza namba, akajibiwa. Akauliza kifurushi, akajibiwa. Akauliza jina la mwenye akaunti.

Umutesi alifungua mdomo, akaufunga.

"Jina la mteja, dada."

"Ni... mzee wa hapa," alisema. "Baba mwenye nyumba."

Yule mwanamume akasema mfumo wake haumjui baba mwenye nyumba. Ama ataje jina, ama ombi lifutwe. Anonciata alichungulia nje. Akimrudia mumewe kumwambia limeshindikana, hatakubali tena, na lile jambo la mwanawe litaendelea kukatikia njiani. Na kitambulisho cha mzee kipo pale pale mezani, jina limeandikwa kwa herufi kubwa! Umutesi alikitazama, jasho likamtoka puani. Akamsogezea Anonciata simu kwa mikono miwili.

"Mama, nisaidie. Mimi siwezi kulitamka."

Anonciata alilitaja jina la mumewe. Upande wa pili wakashukuru, na kisanduku juu ya kabati kikawasha taa ya kijani. Hakukitazama. Alikuwa akimtazama msichana, ambaye naye alikuwa akitazama sakafu, masikio yakimwaka.

Nje, Mzee Karekezi, akikunja mikeka ya kahawa, aliuliza kwa sauti kama hiyo kasi yao imeshaleta chochote.

Anonciata aliuchukua mkono wa Umutesi, akauweka kwenye goti lake, akaushika vizuri.

"Imeleta, Baba Manirakiza," aliitikia. "Imetuletea mkamwana."