Kufuli la Talib

Kufuli jekundu la Talib lilikuwa bado linaning'inia kwenye swichi, na Talib mwenyewe haonekani.

Haroub, fundi umeme wa machimbo yale ya kokoto huko Micheweni, alilishika akalivuta. Limefungwa barabara. Kutoka kwenye sanduku la swichi waya mnene ulitambaa juu ya mawe mpaka kwenye mkanda wa magurudumu, ule unaopandisha kokoto na kusogezwa kila shimo linapopanuka. Asubuhi ile mkanda ulikwama, na Talib akatumwa aingie kwenye pipa la chuma lililo chini yake, akayatoe mawe.

Sheria ilikuwa ya Haroub mwenyewe, na hakuwa na mzaha nayo. Anayeingia mkandani hutia kufuli lake kwenye swichi, ufunguo ukakaa naye mfukoni. Asiye na kufuli haingii. Hata Mjaka, mdogo wake aliyeanza kazi juzi, alikuwa hajapewa la kwake, na mpaka siku hiyo alikuwa akishika ufagio tu.

"Washa, Haroub," alisema Bwana Nabhan, msimamizi. "Gari tano zinangoja."

"Mna mtu ndani, Bwana."

"Nani, Talib? Talib kenda Kiuyu, kafiwa na mjomba wake. Kapita hapa mbio, kanambia mwenyewe. Kufuli kalisahau tu."

Haroub hakutosheka. Alipiga simu ya Talib, imezimwa. Akauzunguka mkanda mzima akiita, "Talib! We Talib!" Jenereta na mashine ya kuvunja mawe zikaimeza sauti yake. Akachungulia kwenye mdomo wa pipa, akaona giza na vumbi.

Miaka kumi na miwili ya kazi hajamuumiza mtu, na kila akitoka nyumbani dua yake ilikuwa moja: Mola asimjaalie kumuua mja kwa mkono wake.

"Basi mpigie mkewe," alisema Nabhan, na sasa uso umeshamkunjana.

Moza, mke wa Talib, akapokea. "Tupo nae huku Kiuyu, shemegi. N'namuona kwa macho yangu, ndo kwanza wanalitoa jeneza, yeye kashika mbele. Kuna nini?"

"Hamna kitu, Bi Moza. Mungu akupeni subira."

Haroub alipumua. Alijicheka kwa woga wake, akachukua msumeno wa chuma, akalikata lile kufuli na kuinua swichi. Mkanda uligutuka, ukasita kidogo, kisha ukaenda. Kokoto zikaanza kumiminika kwenye gari la kwanza, na Bwana Nabhan akampiga begani kwa furaha.

Gari la mwisho lilikuwa linajazwa simu ilipolia. Alikuwa Talib.

"Haroub, niwie radhi, simu n'liizima. Tushazika. Moza kanambia ulikuwa wan'tafuta."

"Mungu amrehemu marehemu. Nilikuwa nataka kujua u wapi tu. Kufuli lako nimelikata, nitakununulia jingine."

Talib akauliza:

"Mjaka keshatoka, sivyo? Miye n'limwachia yeye kazi, na kufuli, na ufunguo. Hakukubali kuingia mpaka n'mpe. Kasema kakaake akimkuta ndani bila kufuli, hatomsamehe."