Hodi ya Tatu

Siku hizo kila gari la kulala safarini lilikuwa na mwenyeji mmoja kisheria, yule msafiri mwenye ulemavu. Mwingine alipaswa kubisha hodi. Hodi tatu zikipita bila mwenyeji kusema karibu, gari linaondoka.

Riziki alipolisogelea na kiti chake cha magurudumu, gari lilipiga magoti taratibu kama ngamia. Ndani, jiko likashuka usawa wa mikono yake. Hakuwahi kuona chombo chenye adabu namna ile. Akabandika chai mwenyewe, akapanga safari kwa sauti: Lushoto kwenye baridi, kisha Pangani.

“Hodi,” mumewe, Mbaruku, akaita nje, mabegi mkononi.

Mlango ukatulia.

“Hodi jamani, Mama Salha. Nalowa huku.”

Miaka yote Mbaruku alimbeba mgongoni bila kunung'unika. Mbaruku ndiye pia aliyeamua waende wapi, warudi lini, na nani amechoka.

Riziki akamtazama kupitia dirishani. Karibu ilikuwa mdomoni tayari. Akatia sukari, akakoroga polepole, akaionja chai kwanza.

Hodi ilibaki moja.